Msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia joto la nyumba: mwongozo kamili kwa familia zinazosema Kiswahili

Familia zinazofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale huelezwa mapema kuhusu kodi ya nyumba, shule za watoto na kazi. Habari ya bili ya joto huja yenyewe mwezi wa Januari, ndani ya bahasha, na kwa watu wengi kiasi kilichoandikwa humo hushtua. Mwongozo huu unahusu mpango wa serikali unaosaidia kulipa bili hiyo, ambao hujulikana kwa kifupi kama LIHEAP. Nimeuandika kwa sababu familia zinazostahili zaidi, yaani zenye watoto wengi na wazazi wanaofanya kazi za viwandani, ndizo ambazo mara nyingi huamini kwamba mpango huu si wao, nazo hungoja mpaka barua ya kukatiwa gesi ifike mlangoni.

Hatua ya kwanza: elewa msaada huu ni wa namna gani

LIHEAP ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Fedha zake hutoka serikali kuu kupitia Wizara ya Afya na Huduma za Kibinadamu, kisha hugawiwa majimbo, na kila jimbo hupanga lenyewe jina la mpango, tarehe za maombi na kiasi cha kutoa. Ndiyo maana huko Minnesota na Indiana utasikia Energy Assistance Program, huko New York na Ohio utasikia HEAP, na huko Maine na Massachusetts watu husema tu fuel assistance. Yote hayo ni mpango uleule. Ndugu yako aliyeko Iowa anaweza kukueleza kwa nia njema kabisa tarehe ambazo kwako wewe uliyeko Ohio hazina maana yoyote, kwa hiyo sikiliza ushauri wake, lakini tarehe zitafute katika jimbo lako.

Jambo linalowaponza watu wengi ni kwamba LIHEAP hautolewi kwa kila anayestahili. Serikali hutenga fungu la fedha kwa msimu, na fungu hilo likiisha, hata mwenye sifa zote huambiwa asubiri msimu ujao. Isitoshe, fungu lenyewe linaweza kuchelewa: mwaka 2025, serikali kuu ilipofunga shughuli zake kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba, fedha za msimu zilichelewa na majimbo kadhaa yakasogeza mbele tarehe ya kufungua maombi. Anayeomba Oktoba au Novemba hana uhakika wa kupata, lakini yuko mahali pazuri zaidi kuliko anayeomba Machi.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kipato kabla ya kujihukumu

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria inaruhusu jimbo kuweka kikomo cha kipato hadi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo (yaani kile ambacho nusu ya familia hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu), kutegemea kipi ni kikubwa zaidi. Jimbo linaweza kuchagua kikomo cha chini ya hapo, lakini haliruhusiwi kumkatalia mtu kwa sababu ya kipato pekee ikiwa kipato chake hakifikii asilimia 110 ya kiwango cha umaskini. Kiwango hicho hubadilika kila mwaka na hukua kwa idadi ya watu wa nyumba. Kwa mwaka 2025, katika majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, kilikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja, na kila mtu wa ziada aliongeza dola 5,500. Familia ya watu wanne ilisimama kwenye dola 32,150, na familia ya watu wanane kwenye dola 54,150.

Sasa chukua baba na mama wenye watoto sita. Wote wawili wanafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa mwaka kila mmoja anapata dola 37,440, na wote wawili dola 74,880. Wakisikia neno «kipato kidogo» hawajihesabu humo. Lakini asilimia 150 ya kiwango hicho cha 2025 kwa watu wanane ilikuwa dola 81,225, kwa hiyo kwa hesabu hiyo katika jimbo linalotumia kikomo hicho familia hii inastahili. Kijana anayeishi peke yake kwa mshahara uleule wa dola 37,440 yuko juu sana ya asilimia 150 ya mtu mmoja, ambayo ilikuwa dola 23,475, naye anaweza kukataliwa. Ukubwa wa familia zetu, ambao huku hutugharimu kwa mambo mengi, katika hesabu hii hutusaidia.

Zingatia mambo matatu unapohesabu. Kwanza, kipato kinachotazamwa kwa kawaida ni jumla kabla ya makato, yaani ile namba kubwa iliyo juu kwenye hati ya mshahara. Pili, watu wa nyumba ni wote wanaoishi pamoja na kutumia joto pamoja, akiwemo shangazi aliyefika mwezi uliopita na binamu anayelala sebuleni; ukiwahesabu, lazima uhesabu na mishahara yao. Tatu, pesa unayowatumia wazazi huko Uvira au Kigoma haipunguzwi kwenye kipato chako, hata kama unaituma kila mwezi bila kukosa. Najua jambo hilo linauma, lakini ni afadhali ulijue sasa kuliko kulijua mbele ya karani.

Majimbo mengi hutazama kipato cha siku 30 za mwisho. Kama mwezi huo ulifanya saa nyingi za ziada na ukazidi kikomo, usifiche hati yoyote. Omba tena kipato kikishuka, maana kukataliwa Desemba hakukuzuii kuomba Februari ikiwa fedha bado zipo.

Hatua ya tatu: fahamu hali yako ya uhamiaji inasemaje

Mkimbizi, mtu aliyekwisha kupewa hifadhi na mwenye grini kadi wamo katika makundi yanayokubaliwa na sheria kupata msaada huu. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, kwa kawaida, hayumo. Hata hivyo, nyumba yenye mchanganyiko, kwa mfano wazazi wanaosubiri na watoto waliozaliwa Marekani, isijikatie tamaa: katika majimbo mengi ombi linaweza kuwekwa kwa ajili ya wale wanaostahili, na karani atakueleza wengine wanahesabiwaje.

Tangu Julai 2025, sheria mpya imewaondoa wakimbizi wasio na grini kadi katika SNAP, ile ambayo wengi bado tunaiita fudi stampu. Kunyimwa SNAP hakukuondoi katika LIHEAP, kwa kuwa ni sheria mbili tofauti. Tofauti inayobaki ni hii: katika majimbo mengi anayepokea SNAP au SSI, yaani fedha za serikali kwa wazee na wenye ulemavu walio na kipato kidogo, hupitishwa kwa urahisi bila kuchunguzwa kipato upya, na wewe usiye na SNAP utalazimika kuleta uthibitisho wote wa kipato.

Kuna hofu nyingine ambayo huzunguka makanisani na misikitini, kwamba kuomba msaada kutaharibu ombi la grini kadi. Kwa mkimbizi na aliyepewa hifadhi, sheria yenyewe imewaondolea kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali, kwa hiyo hawana sababu ya kuogopa. Mwenye hali nyingine ya uhamiaji azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji au na shirika la kisheria linalohudumia wahamiaji bila malipo, na asitegemee maneno ya kwenye makundi ya WhatsApp.

Hatua ya nne: tafuta ofisi na tarehe

Maombi kwa kawaida hupokelewa na shirika la huduma za jamii la kaunti, ambalo majimbo mengi huliita Community Action. Njia nyepesi ya kulipata ni kupiga simu namba 211, ambayo hufanya kazi sehemu kubwa ya Marekani, na kusema jina la kaunti yako. Shirika lililokupokea ulipofika nchini nalo hujua ofisi hiyo ilipo.

Kuhusu tarehe, mifano michache inatosha. Huko Iowa, wazee na watu wenye ulemavu huanza kuomba tarehe 1 Oktoba na wengine tarehe 1 Novemba. Kentucky hugawa msimu: kwanza msaada wa kawaida mwishoni mwa mwaka, halafu msaada wa dharura kuanzia Januari. Michigan ina njia yake ya pekee, ambapo fomu ya Home Heating Credit hujazwa kama fomu ya kodi ya mapato na hupokelewa mpaka tarehe 30 Septemba, hata na mtu asiyedaiwa kodi yoyote.

Hatua ya tano: kusanya karatasi

Ombi likichelewa, mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja. Tafuta bahasha kubwa na uweke humo vitambulisho vya watu wazima, kadi za Social Security za kila mtu wa nyumba, hati za uhamiaji kama I-94 au grini kadi, hati zote za mshahara za muda ulioombwa kwa kila mtu mzima, mkataba wa pango, bili ya mwisho ya gesi au mafuta na bili ya mwisho ya umeme. Bili zote mbili zinahitajika hata kama joto lako ni la gesi, kwa sababu mtambo wa gesi hauwezi kuzungusha hewa bila umeme.

Asiye na kipato kabisa atapewa fomu ya kueleza anaishi vipi. Jibu kwa kweli: kama kanisa limelipa kodi ya mwezi huu au ndugu amenunua chakula, andika hivyo. Anayeendesha gari la abiria au kusuka nywele kwa kujitegemea alete fomu ya kodi ya mwaka uliopita pamoja na daftari la mapato na matumizi.

Kagua majina kwa makini sana. Wengi wetu tuna jina la ukoo lililotangulia kwenye bili na likawa la mwisho kwenye kadi ya Social Security, au herufi moja iliyobadilika kati ya kambi na uwanja wa ndege. Mwambie karani mapema, kabla kompyuta haijalikataa ombi. Vilevile, akaunti ya gesi ikiwa bado kwa jina la mpangaji aliyehama au la rafiki aliyekusaidia kuifungua, pigia kampuni simu uihamishe kwa jina lako au la mtu mwingine anayeishi humo.

Mpangaji ambaye joto limo ndani ya kodi ya nyumba asidhani hahusiki. Sheria inataka wapangaji na wenye nyumba watendewe kwa usawa, na majimbo mengi huwa na utaratibu wa wapangaji kama hao; utahitaji mkataba unaoonyesha kwamba joto limo ndani ya kodi, au barua ya mwenye nyumba.

Hatua ya sita: jaza fomu ukiwa na mkalimani

Omba mkalimani wa Kiswahili, naye ni bure. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa, na kumwacha nje mtu kwa sababu hajui Kiingereza kumehesabiwa kuwa sehemu ya ubaguzi huo. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Lubumbashi, sema hivyo unapoomba, kwa sababu mkalimani aliyekulia Mombasa anaweza kukukosa katika maneno ya msingi kabisa. Usimtumie mtoto wako wa darasa la sita. Si haki kumbebesha deni la wazazi wake, na kosa lake dogo kwenye neno «jumla» na neno «baki» linaweza kuwanyima msaada.

Weka sahihi mahali pote panapohitajika, piga picha kila ukurasa kwa simu, na uandike tarehe uliyowasilisha pamoja na jina la aliyepokea.

Hatua ya saba: endelea kulipa unapongoja

Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Msaada ukikubaliwa, pesa kwa kawaida haipiti mkononi mwako. Hulipwa kwa kampuni, na utaiona kwenye bili kama kiasi kilichopunguzwa. Sheria inasema msaada huu hauhesabiwi kuwa kipato, kwa hiyo hauongezi kodi ya mapato wala haupunguzi misaada mingine.

Katika muda huo wa kungoja, lipa chochote unachoweza kila mwezi, hata dola 30. Kampuni ikiona mteja anayelipa kidogo kidogo humtazama tofauti na aliyenyamaza, na majimbo kadhaa hudai uthibitisho wa malipo ya karibuni kabla ya kutoa msaada wa dharura. Uliza pia kama kampuni ina mpango wa malipo sawa kwa miezi yote 12, au punguzo la kudumu kwa wenye kipato kidogo. Ohio ina mpango uitwao PIPP, ambao mtu hulipa sehemu maalumu ya kipato chake badala ya bili kamili, na kwa familia yenye deni la muda mrefu huo unaweza kuwa na faida kubwa kuliko msaada wa mara moja.

Ikiwa tayari ni dharura

Barua yenye maneno Disconnection Notice, tangi la mafuta linalokaribia kuisha, au mtambo wa joto uliokufa katikati ya baridi, yote hayo huhesabiwa dharura. Sheria inasema nyumba inayostahili ipate msaada wa kutatua dharura ndani ya saa 48 tangu kuomba, na ndani ya saa 18 ikiwa maisha yako hatarini. Kwa hiyo tumia neno «dharura» waziwazi unapopiga simu, na utaje kila jambo linaloongeza hatari: mtoto mchanga, mzee, mgonjwa anayetumia mashine ya kupumulia, mwenye pumu.

Siku hiyohiyo piga simu mbili. Ya kwanza ni kwa shirika la huduma za jamii. Ya pili ni kwa kampuni, uwaambie umeomba LIHEAP na uombe mpango wa malipo. Katika majimbo mengi barua ya daktari kuhusu mgonjwa aliye ndani ya nyumba huahirisha kukatwa. Minnesota ina kanuni ya majira ya baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili, inayozuia kukata joto la nyumba, lakini inamlinda tu aliyezungumza na kampuni na kukubaliana nayo malipo. Iowa huwalinda waliokubaliwa na mpango kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Aprili. Kinga hizo hazifuti deni. Mtu aliyeacha kulipa kwa sababu «hawawezi kunikatia» hupokea bili ya miezi mitano mwezi Aprili, na hapo ndipo hukatiwa.

Wanaotumia mafuta, hasa huko Maine, watazame kipimo cha tangi kila wiki. Tangi la kawaida la nyumba hubeba galoni 275. Likifika robo, piga simu. Tangi likikauka kabisa, mbali na gharama ya kuletewa mafuta kwa haraka utahitaji fundi wa kuuwasha upya mtambo.

Mtambo ukiharibika, mpangaji amwandikie mwenye nyumba mara moja, kwa maandishi, kwa kuwa kutengeneza ni wajibu wake. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe aulize kuhusu fedha za kutengeneza au kubadilisha mtambo, ambazo majimbo mengi huzitoa katika msaada wa dharura.

Usiwashe makaa ndani ya nyumba

Tumelelewa na jiko la makaa, na tunajua kulitumia. Lakini nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke, na hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu. Inaweza kuua familia nzima usingizini. Usiingize jiko la makaa ndani, wala jiko la kuchomea nyama la uani, wala jenereta. Usiache oveni ya gesi wazi ili ipashe chumba joto. Hakikisha kuna king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, na kikilia, toeni watoto nje kwanza, kisha mpige 911. Kichwa kuuma na kichefuchefu kinachowapata watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Hita ndogo ya umeme ina nafuu upande huo, lakini iwe mita moja kutoka kwenye kitanda na mapazia, na ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ujue pia bei yake: hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 10 kwa siku hutumia uniti 450 kwa mwezi, na kwa senti 17 kwa uniti hiyo ni dola 76 na senti 50, kwa chumba kimoja tu.

Ukikataliwa

Soma sababu iliyoandikwa. Mara nyingi ni karatasi iliyokosekana, na kuipeleka kunatosha. Kama sababu si ya kweli, au kama umekaa muda mrefu bila jibu lolote, sheria inakupa haki ya kusikilizwa na afisa mwingine. Omba kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye barua, na ubaki na nakala. Wakati huohuo jaribu Salvation Army au St. Vincent de Paul, ambao katika miji mingi husaidia kulipa bili mara moja kwa mwaka. Mtu yeyote anayekudai ada ya kukuombea LIHEAP, au anayepiga simu akitaka ulipe deni la umeme kwa kadi za zawadi za dukani, ni tapeli. Kata simu, kisha pigia kampuni kwa namba iliyo kwenye bili yako.

Baada ya msimu

Uliza kuhusu mpango mwingine, Weatherization, ulioanzishwa mwaka 1976 na unaosimamiwa na Wizara ya Nishati. Kikomo chake ni asilimia 200 ya kiwango cha umaskini, kwa hiyo waliokataliwa LIHEAP wanaweza kuingia humu. Mafundi huja kupima mahali joto linapovujia, kisha huziba nyufa na kujaza vizuia baridi darini na kutani, bila malipo kwa mkaaji. Mpangaji atahitaji idhini ya mwenye nyumba. Foleni yake huwa ndefu, hivyo ni vema kujiandikisha wakati wa kiangazi.

LIHEAP nao huombwa upya kila mwaka. Bahasha ya karatasi usiitupe: ifungue mwishoni mwa Agosti, ongeza hati za mshahara za karibuni na bili mpya, hakikisha mtoto aliyezaliwa mwaka huo ana kadi yake ya Social Security, kisha piga 211 uulize maombi yanafunguliwa lini.